Kibali Kitavuka Daraja, Haki ya Kufyatua Itabaki Ng'ambo

Januari 2025 muswada ambao umekuwa ukifa na kufufuka kwa miaka mingi ulirudishwa tena katika Bunge la Marekani, safari hii ukiwa na namba H.R. 38. Mwezi Machi mwaka huohuo Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi iliupitisha. Lengo lake ni kwamba mtu anayeruhusiwa kubeba bastola iliyofichwa mwilini katika jimbo analoishi aruhusiwe kuibeba vilevile katika majimbo mengine. Muswada wa aina hiyo uliwahi kupita katika Baraza la Wawakilishi Desemba 2017 kwa kura 231 dhidi ya 198, kisha ukafia Seneti. Tangu uliporudi nimewasikia Waswahili waishio Marekani, hasa madereva wa malori ya masafa marefu, wakiuzungumzia kana kwamba ukishatiwa saini nchi nzima itakuwa na sheria moja ya kujihami. "Mzee, kadi yangu ya Ohio itanilinda mpaka New Jersey," aliniambia kijana mmoja tulipokutana kwenye hitima ya ndugu yetu, naye ametoka barabarani siku hiyohiyo. Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu pale hapakuwa mahali pake. Leo namjibu kwa kirefu, maana makosa yake ni ya wengi na yanaweza kumgharimu mtu maisha yake au uhuru wake.

Kadi itavuka, ulinzi hautavuka. Watu wanachanganya sheria mbili ambazo hata hazitungwi kwa fikra moja. Ya kwanza ni sheria ya bunduki, inayoamua nani amiliki silaha, aibebe wapi na kwa kibali gani. Ya pili ni sheria ya kujihami, inayoamua ni wakati gani binadamu anaweza kumjeruhi au kumuua mwenzake asihesabiwe mhalifu. Muswada wa H.R. 38 unagusa ya kwanza tu. Ya pili itabaki mikononi mwa kila jimbo kama ilivyo sasa, na juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, ya jimbo ambamo risasi imefyatuliwa ndiyo itakayokaa na kuuliza kama mfyatuaji alikuwa na sababu. Dereva atakayevuka mpaka akiwa na bastola halali kiunoni na kichwani amebeba sheria ya kwao Ohio, yumo katika hatari kubwa kuliko yule asiyekuwa na bastola kabisa.

Wengi hudhani sheria hizi mbili hutembea pamoja, kwamba jimbo lenye bunduki tele ndilo linalomruhusu mtu kufyatua upesi, na jimbo linalobana bunduki ndilo linalomtaka akimbie. Si hivyo. California ina sheria za bunduki kali kuliko karibu majimbo yote, na hata ukishalipia bunduki yako utasubiri siku 10 kabla ya kukabidhiwa. Lakini maelekezo ambayo majaji wa California huwasomea juri yanasema aliyeshambuliwa hana wajibu wa kurudi nyuma, na kwamba ikibidi anaweza hata kumfuatia mshambuliaji mpaka hatari ipite. Minnesota kuna picha ya kinyume. Huko mtu aliyetimiza masharti ya kisheria hanyimwi kibali cha kubeba bastola, lakini tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, kwamba mtu ana wajibu wa kuondoka, kama inawezekana, hata kabla ya kuitoa silaha kwa ajili ya kumtisha anayemtishia. Kesi yenyewe ilitokea kwenye kituo cha treni mjini Minneapolis. Mtu aliyetishiwa na mwenye kisu alichomoa panga. Hakumkata yeyote, wala hakuna aliyejeruhiwa, na bado hukumu dhidi yake ilibaki palepale kwa sababu alikuwa na nafasi ya kuondoka. Minnesota ina maelfu ya wasemaji wa Kiswahili, na sidhani wengi wao wanajua kwamba kuonyesha silaha tu, bila kuitumia, kunaweza kuwapeleka gerezani hata pale walipoanzwa wao.

Hata Uingereza inatupa ushahidi huohuo. Baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane mwaka 1996, nchi hiyo ilipiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997. Ungetarajia sheria yake ya kujihami iwe ya kumfunga mtu mikono. Kumbe Mwingereza anayejitetea huhukumiwa kwa hali ilivyoonekana machoni pake, hata kama alikosea, mradi aliamini kwa dhati. Tangu mwaka 2013 mwenye nyumba aliyevamiwa ndani kwake anaweza kusamehewa hata kama nguvu aliyotumia ilizidi kiasi, ilmradi haikuzidi kupita mipaka. Nchi imemnyang'anya raia bastola, ikamwachia haki pana ya kujitetea kwa kile kilichopo mkononi.

Sasa tumfuate kijana wangu wa Ohio barabarani. Kwao, tangu Aprili 2021, mtu aliye mahali anaporuhusiwa kuwa hana wajibu wa kurudi nyuma kabla ya kujitetea, na tangu Juni 2022 mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea asiye na katazo la kisheria habebi kibali chochote ili kuficha bastola mwilini. Ohio ni moja kati ya majimbo 29 yenye utaratibu huo wa kutodai kibali. Akiingia Pennsylvania, sheria ya 2011 inamruhusu kusimama papo hapo nje ya nyumba yake, lakini kwa sharti ambalo Ohio halipo: anayemshambulia awe ameonyesha bunduki au silaha nyingine. Akifika Philadelphia na kuvuka daraja la Benjamin Franklin kuingia Camden, yumo New Jersey, jimbo lisilotambua kibali cha jimbo lolote jingine, na linalomtaka mtu aliye nje ya nyumba yake aondoke kama anajua anaweza kufanya hivyo kwa usalama kamili, kabla ya kutumia nguvu ya kuua. New York iliyo mbele yake ina sharti hilohilo. Kwa siku moja ya kuendesha lori, mtu huyu amepita chini ya tafsiri tatu za neno moja, kujihami, na hakuna bango hata moja barabarani lililomwambia.

Wanaoutetea muswada wana hoja nzito na sitaki kuipunguza. Oktoba 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mlezi wa watoto wake, alisimamishwa na polisi New Jersey kwa kosa dogo la barabarani. Alikuwa na bastola aliyoinunua kihalali na kibali halali cha Pennsylvania, na ni yeye mwenyewe aliyemwambia askari kwamba anayo. Alidhani anafanya uungwana. Akakamatwa, akakabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka isiyopungua mitatu, na ilichukua kelele za nchi nzima hadi Gavana Chris Christie alipompa msamaha mwaka 2015. Mama yule hakumtisha mtu wala hakufyatua chochote. Kosa lake lilikuwa kuvuka mto. Ukiitazama kesi ile kwa haki utakubali kwamba sheria inayomtia mtu mwema gerezani kwa sababu ya mstari wa ramani ina kasoro inayohitaji kurekebishwa, na muswada huu, kwa jambo hilo, ungeirekebisha.

Wanaoupinga nao hawabahatishi. New York, tangu Septemba 2022, inamtaka mwombaji wa kibali asome darasani saa 16 na afanye mazoezi ya kulenga shabaha kwa saa 2. Texas, tangu Septemba 2021, haimdai mtu mzima wa kawaida hata saa moja. Muswada ukipita, mkazi wa New York atasoma zile saa 18 ili aruhusiwe kubeba bastola katika mtaa wake, huku mgeni asiyewahi kuishika darasani akipita kando yake na yake kiunoni. Ni vigumu kumweleza mkazi huyo kwa nini usalama wa mtaa wake uamuliwe na wabunge wa Texas kule Austin ambao hakuwapigia kura. Pande hizi mbili zinagombana kuhusu jambo la kweli, na mtu mwenye akili timamu anaweza kusimama upande wowote.

Hoja dhaifu ni ile inayorudiwa zaidi vijiweni: leseni ya udereva. Wanasema leseni ya gari ya Ohio inatambuliwa majimbo yote, kwa nini ya bastola isitambuliwe? Mfano huu unawashinda wenyewe. Leseni ya gari inasafiri kwa urahisi kwa sababu barabara zenyewe zinafanana. Taa nyekundu ni kusimama Columbus kule Ohio na ni kusimama Newark kule New Jersey, na pale kanuni inapotofautiana, kama mwendo wa juu, kuna kibao kinachokuambia. Hakuna kibao kinachokuambia kwamba ukivuka daraja hili mtu akikujia kwa ngumi kwenye maegesho unatakiwa urudi nyuma. Na anayekosea mwendo hulipa faini. Anayekosea hapa amemuua mtu.

Ipo sheria ya shirikisho ya 1986 ambayo madereva wengi huitaja nusu. Inamruhusu msafiri kupita na bunduki katika jimbo asiloruhusiwa kuibeba, iwapo anatoka mahali alipo na haki nayo na anakwenda mahali alipo na haki nayo, bunduki haina risasi ndani, na yeye wala abiria hawawezi kuifikia kwa urahisi. Gari likiwa halina buti iliyotengwa na sehemu ya dereva, silaha na risasi ziwe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, na sheria inasema waziwazi kwamba kidroo cha dashibodi hakihesabiki. Fikirini kabini ya lori, ambamo dereva anaendesha, anakula na kulala, kila kitu kipo umbali wa mkono. Bastola iliyo chini ya mto wa kulalia imeshatoka nje ya ulinzi wa sheria hiyo. Tena mwenye safari inayoishia New Jersey kushusha mzigo hapiti tu, amefika, na kinga ya mpita njia haimhusu.

Turudi kwenye kufyatua, maana ndipo penye uhai wa mtu. Waswahili tumelelewa na hodi. Mtoto hufundishwa kabla hajajua kusoma kwamba mlango wa watu haufikiwi kimya. Utapiga hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na usipojibiwa karibu utaondoka. Ndani ya adabu hiyo mna makubaliano: mgeni anajitambulisha, na mwenye nyumba hamchukulii kila anayesogea kuwa adui. Aprili 2023, ndani ya siku mbili, Marekani ilionyesha nini hutokea makubaliano hayo yakivunjika. Tarehe 13, mjini Kansas City, Missouri, kijana mweusi wa miaka 16 aliyetumwa kuwachukua wadogo zake alikosea anwani na kubonyeza kengele ya nyumba nyingine. Mzee wa miaka 84 akampiga risasi kichwani na mkononi. Mungu si Athumani, kijana alipona. Tarehe 15, huko Hebron, jimbo la New York, gari la vijana waliopotea njia liliingia kwenye uwanja wa nyumba isiyo yao, na lilipokuwa likigeuza kuondoka mwenye nyumba akafyatua. Binti wa miaka 20 aliyekuwamo akafa.

Missouri ni jimbo la kutorudi nyuma. New York ni jimbo la kukwepa, yaani la kumtaka mtu aondoke akiweza. Aliyezizoea hadithi za vijiweni angetabiri kwamba yule wa Missouri ataachwa. Hakuachwa. Alishtakiwa, na Februari 2025 alikiri kosa la shambulio, akafariki siku chache baadaye kabla ya kusomewa adhabu. Yule wa New York alipatikana na hatia ya mauaji ya daraja la pili Januari 2024, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Sheria ya kutorudi nyuma haijawahi kuondoa swali la msingi, ambalo ni kama kulikuwa na hatari ya kweli, ya papo hapo, ambayo mtu mwenye busara angeiona kuwa ni ya kifo au jeraha kubwa. Inachoondoa ni swali moja tu la ziada: ulikuwa na njia ya kuondoka? Huko Clearwater, Florida, mwezi Julai 2018, mtu aliyesukumwa chini kwenye maegesho ya duka kwa ugomvi wa nafasi ya walemavu alichomoa bastola na kumuua aliyemsukuma. Mwanzoni polisi hawakumkamata, wakitaja sheria ya kutorudi nyuma. Lakini kamera ya duka ilionyesha kwamba marehemu alikuwa ameshaanza kurudi nyuma alipoiona bastola. Mwaka uliofuata juri ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akapewa miaka 20. Tena hiyo ni Florida, jimbo lililoipa sheria hii umaarufu mwaka 2005 na ambalo tangu 2017 linamtaka mwendesha mashtaka ndiye athibitishe mapema kwamba kinga ya kujihami haimfai mtuhumiwa.

Hata hivyo nisionekane kusema sheria ya jimbo haina uzito, maana inao. Pasadena, kitongoji cha Houston, Novemba 2007, mzee mmoja aliwaona watu wawili wakiiba nyumba ya jirani yake. Alikuwa kwenye simu na mpokezi wa dharura, ambaye alimwambia tena na tena asitoke nje. Akatoka, akawaua wote wawili. Juni 2008 baraza la juri lilikataa hata kumfungulia mashtaka. Sheria ya Texas, tofauti na ya majimbo mengi, inaruhusu katika mazingira fulani kutumia nguvu ya kuua kwa ajili ya kulinda mali, na hata mali ya jirani. Tendo hilohilo New Jersey au New York lingemfikisha kizimbani. Mimi binafsi siwezi kukubali kwamba uhai wa mwizi ni mwepesi kuliko mfuko wa vitu alivyobeba, na sioni aibu kulisema hilo hata mbele ya ndugu zangu wa Houston wanaoipenda sheria yao.

Zipo hoja mbili kuhusu wajibu wa kukwepa. Ya upande mmoja ina nguvu: aliye mbele ya kisu hana muda wa kutafakari. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jambo hilo tangu 1921, katika kesi iliyotoka Texas, kwamba mtu aliyeinuliwa kisu hawezi kudaiwa fikra za utulivu. Hilo ni la kweli na kila sheria nzuri ya kujihami lazima ilizingatie. Ya pili, inayosemwa zaidi, ni kwamba majimbo ya kukwepa yanamtaka mtu mwema akimbie na auawe kwa mgongo. Hii ni dhaifu kwa sababu haijasoma sheria. New York inamtaka mtu aondoke pale tu anapojua kwamba anaweza kufanya hivyo kwa usalama kamili, wake na wa wengine. Asipokuwa na hakika, halazimiki. Akiwa nyumbani kwake na si yeye aliyeanza ugomvi, halazimiki. Mama aliyembeba mtoto, mzee mwenye fimbo, mtu aliyebanwa kwenye kona ya ukumbi, hakuna anayewataka wakimbie. Anayetakiwa kuondoka ni yule mwenye mlango ulio wazi nyuma yake ambaye anabaki kwa sababu ya hasira au fahari.

Na matokeo yamepimwa. Mwaka 2013 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walichapisha uchunguzi wa majimbo zaidi ya 20 yaliyopanua haki ya kujihami kati ya 2000 na 2010. Hawakuona dalili kwamba wizi wa majumbani, unyang'anyi au mashambulio makubwa yalipungua. Walichoona ni mauaji kuongezeka kwa takriban asilimia 8. Uchunguzi wa Florida peke yake, uliochapishwa 2017, ulikuta mauaji yalipanda kwa asilimia 24.4 baada ya sheria ya 2005, na yale ya bunduki kwa asilimia 31.6. Utafiti wa taasisi ya Urban Institute wa 2013 ulionyesha pia kwamba mauaji ambamo mfyatuaji ni mweupe na marehemu ni mweusi yalihesabiwa kuwa ya haki mara nyingi zaidi kuliko yale ya mfyatuaji mweusi na marehemu mweupe. Kijana wa Kiswahili anayeshangilia sheria ya kutorudi nyuma ajiulize, katika ugomvi wa kweli, juri itamwona yeye akiwa upande gani wa bastola.

Kwa mhamiaji kuna tabaka jingine ambalo Mmarekani wa kuzaliwa hahitaji kulifikiria. Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, akiwemo mwanafunzi, kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Adhabu yake inaweza kufika miaka 15. Haijalishi kwamba anaishi katika jimbo lisilodai kibali. Muuzaji wa mtaani hatamuuliza, rafiki atamwazima, na siku ya kusimamishwa barabarani ndipo atakapojua. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria yoyote, kosa hilo peke yake linatosha kumfungulia kesi ya kufukuzwa nchini. Na msamaha wa gavana, kama ule uliomwokoa mama wa Philadelphia, hauifuti sababu hiyo ya kufukuzwa. Yeye alirudi kwa watoto wake. Mama wa Goma au wa Kisumu mwenye kadi ya ukaazi, akitiwa hatiani kwa kosa lilelile kisha akasamehewa na gavana yuleyule, bado angeweza kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji.

Nyumbani nako kuna msemo kwamba Mmarekani anaruhusiwa kujilinda na sisi haturuhusiwi. Si kweli. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 18A, inampa kila mtu haki ya kujihami yeye, mwenzake na mali. Kifungu cha 18B kinamtaka atumie nguvu inayolingana na hatari, na kinasema aliyeua kwa kuzidisha nguvu katika kujihami atahesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Cha 18C kinaeleza ni wakati gani haki hiyo inafika hadi kuua, kwa mfano mtu anapohofia kwa sababu za msingi kuuawa au kubakwa. Kenya, kifungu cha 17 cha Kanuni yake ya Adhabu kinazirudisha mahakama kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza, ileile niliyosema ni pana kuliko watu wanavyodhani. Zanzibar ina sheria yake yenyewe ya adhabu, hivyo hata Mtanzania akipanda boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja ameshabadilisha sheria itakayompima. Tulichonyimwa Afrika Mashariki ni urahisi wa kupata bunduki. Haki ya kujihami tunayo, na tunaikiuka mno sisi wenyewe kila tunapomzunguka mtu kwa kelele za "mwizi!" na kumpiga hali ameshalala chini na hatari imeshakwisha.

Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kusikiliza kesi ya Hawaii, ambayo nayo inaelezwa vibaya. Hawaii ilikuwa kati ya majimbo sita yaliyolazimika kulegeza vibali baada ya hukumu ya Juni 2022 iliyoivunja sheria ya New York ya kumtaka mwombaji athibitishe haja maalumu. Mwaka 2023 ikatunga sheria kwamba mwenye kibali asiingie na bastola katika duka, mgahawa au mali nyingine ya mtu binafsi iliyo wazi kwa umma, mpaka mwenyewe aruhusu waziwazi. Kwa Kiswahili hiyo ni sheria ya hodi. Majimbo mengi yamekwenda kinyume: kimya cha mwenye duka ni karibu, na asiyetaka bastola ndiye aweke bango. Wanaodai Hawaii imepiga marufuku bunduki, na wanaodai kesi hiyo ndiyo ya kufungua milango yote, wote wanakosea. Swali la kesi ni kimya cha mwenye mali kisomwe vipi. Hata H.R. 38 wenyewe unamwachia mwenye mali binafsi haki ya kukataza, na unaziachia serikali za majimbo haki ya kukataza katika majengo yao.

Kwa hiyo kijana wangu akiniuliza tena, nitamwambia aanze na kampuni yake, maana nyingi zinakataza dereva kubeba silaha, sheria ya jimbo iwe imeruhusu au la. Kisha amtafute wakili wa uhamiaji kabla ya kumtafuta muuza bastola. Halafu, muswada upite usipite, asome jinsi New Jersey inavyoeleza kurudi nyuma, kwa sababu siku mtu atakapomgongea kioo cha lori saa nane za usiku kwenye maegesho ya Camden kwa hasira ya kubanwa njia, juri itakayokaa itakuwa ya watu wa Camden. Hawatamuuliza kadi yake imetoka wapi. Watataka kujua kama injini ilikuwa inawaka na barabara mbele yake ilikuwa wazi.